Kipande cha Dani kinasema alizaliwa 1959

Kipande cha Dani, yaani kitambulisho chake, kinasema alizaliwa mwaka wa 1959. Siku haipo, mwezi haupo, ni mwaka tu, kando ya picha ambayo yeye mwenyewe huicheka kwa sababu mpiga picha alimvizia akiwa amefumba jicho moja. Nilikiona mara ya kwanza mwaka wa 2020, nimekaa kwenye kigoda mlangoni pake huko Nyalenda, mjini Kisumu, chini ya Ring Road, nikijaza fomu ya kurasa tisa. Niliandika 1959 nikaenda swali linalofuata. Miaka mitano ikapita kabla sijagundua kwamba mwaka ule hauwezekani.

Nijieleze kidogo kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kwetu ni Vihiga, kwenye vilima vile unavyoviona ukiwa Kondele ukitazama kaskazini, na Kijaluo changu bado huwafanya akina mama wa soko la Jubilee waitane waje kusikiliza. Kwa miaka sita niliajiriwa na shirika moja, jina nitaliacha, lililokuwa likiwahudumia watoto yatima na wale walio katika mazingira magumu kwa pesa za serikali ya Marekani. Mtaani hakuna aliyejua jina la shirika. Tuliitwa "watu wa yatima". Mtoto akipiga kelele kwamba watu wa yatima wamekuja, kila nyumba inajua leo ni siku ya kuulizwa maswali.

Dani si bibi yangu wa damu. Huku ndivyo bibi anavyoitwa, na ndivyo nitakavyomwita, jina lake libaki kwenye faili. Analea wajukuu wanne. Anauza omena, dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kando ya njia inayoteremka kuelekea Dunga. Mmoja wa wale wajukuu humeza dawa kila usiku saa tatu, na Dani, asiyejua kusoma, hajawahi kuipoteza saa hiyo. Anaijua kwa mlio wa taarifa ya habari kwenye redio ya jirani. Redio ya jirani ikikosa betri, anaenda kubisha hodi.

Kuna neno moja lililonilisha miaka hiyo sita: uendelevu. Kila andiko la kuomba pesa za mradi lina sehemu yake, na huwa mwisho mwisho. Nakumbuka usiku mmoja katika chumba cha mikutano cha hoteli huko Milimani, saa nne, soda zimeisha gesi, mwenzetu mmoja amelala kitini na kalamu mkononi. Tuliandika kwamba mradi ukiisha, shughuli zitaendelezwa na jamii. Hakuna aliyeuliza jamii ni nani. Ukishuka Nyalenda unaijua: ni Dani. Tulikuwa tumeandika, kwa lugha ya kupendeza, kwamba siku tukiondoka mzigo wote utamrudia mwanamke anayeuza omena. Na nisimsingizie mtu, maneno "kamati za wenyeji" niliyaingiza mimi.

Lakini kilichonisumbua zaidi ya pesa kilikuwa kalenda. Mwaka wetu wa kazi uliisha Septemba 30, kwa kuwa ndio mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani. Kwa hiyo kila Agosti tulikimbizana kumaliza pesa, na kila Oktoba tulikaa tukingoja pesa. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya, ya taifa na za kaunti, huisha Juni 30. Shule huanza mwaka Januari, na hapo ndipo watoto huhitaji sare, viatu na madaftari. Halafu kuna mwaka wa omena. Kuanzia Aprili mosi hadi Julai 31 uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Ziwa Victoria ili dagaa hao wapate kuzaana, na kwa miezi hiyo minne Dani hana cha kupima kwenye gorogoro lake. Hukopa mihogo akauza, au sukuma wiki, au hufulia watu nguo. Njaa ya nyumba ile ina tarehe zake. Ungeweza kuiandika ukutani kwa mkaa mwezi wa Januari na usikosee.

Mwaka wa 2022 msaada wetu wa chakula ulifika Septemba. Omena zimetapakaa ufukweni, bei ya gorogoro imeshuka, na sisi tunashusha magunia ya unga tukipigwa picha. Nililipeleka jambo hilo kwenye kikao cha robo mwaka. Nikaambiwa ni hoja nzuri sana. Ikaandikwa kwa kalamu nene kwenye ile karatasi kubwa ya kubandikwa ukutani, na kikao kilipoisha karatasi ikakunjwa.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani aliyekuwa ameapishwa siku hiyo alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Kabla wiki haijaisha barua pepe ilikuwa imetufikia: acheni kila kitu. Nilikuwa na nyumba kumi na moja kwenye ratiba ya wiki iliyofuata. Tuliambiwa tusiende, tusipige simu kwa salio la ofisi, turudishe tableti na vitambulisho vya kazi. Faili zilitiwa kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia tuliyoomba kwenye duka la jumla, zikapelekwa katika ofisi moja ya serikali iliyozipokea kwa ukarimu na kuzipanga kwenye korido. Julai 1 mwaka huo shirika lenyewe la misaada la Marekani, USAID, likakomesha kazi zake. Zile siku 90 hazikuwa siku 90.

Sitaki mtu asome hapa adhani nazibeza pesa zile. Zilianza mwaka wa 2003 kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, wakati vijijini kando ya ziwa mazishi yalikuwa ya kila Jumamosi, na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti ambazo virusi vya Ukimwi vimeenea kuliko kwingine nchini. Watu ninaokutana nao kwenye matatu wako hai kwa ajili ya pesa hizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa zaidi ya miaka ishirini, akalima shamba lote yeye mwenyewe, hadi sisi tukasahau jembe letu tuliliweka wapi.

Februari nilirudi Nyalenda kwa miguu, bila fulana ya mradi. Nilijua nitakuta kila kitu kimekufa, na kweli vingi vilikuwa vimekufa. Klabu ya watoto ya Jumamosi ilikwisha. Vikao vya walezi vilikufa siku chai na mandazi vilipokufa. Lakini siku ile ilikuwa Alhamisi, na saa tisa alasiri kikundi cha akiba kilikuwa kimeketi chini ya mwembe wake kama vile hakuna lililotokea.

Kwenye ripoti zetu kikundi hicho tulikiandika kama matunda yetu. Ukweli ni kwamba wanawake wale walikuwa na chama tangu kabla sijamaliza chuo. Sisi tuliwafundisha mtindo wa kasha tu. Ni kasha la bati, limetengenezwa na fundi wa jua kali, lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa na wanawake watatu ambao, kwa makusudi kabisa, hawapatani sana. Hisa ni shilingi 50. Pembeni kuna mfuko wa shilingi 10 wa ugonjwa na msiba. Ukichelewa faini ni shilingi 20, na haina kujitetea. Mwezi wa Desemba kasha hufunguliwa na pesa kugawanywa, kwa sababu Januari ni shule. Hakuna mtaalamu aliyewaambia hivyo.

Mwaka wa 2023 tuliwaomba wahamishe mgao wao hadi Septemba ili takwimu ziingie kwenye ripoti yetu ya mwaka. Walitusikiliza kwa heshima, wakatuandalia chai, wakatusindikiza hadi barabarani, wakaendelea na Desemba. Leo nikifikiria uendelevu huona wale wanawake wakitusindikiza.

Hata hivyo kasha lina mwisho wake. Wanaoweka 50 hukopeshana kwa kipimo cha 50. Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya afya ya zamani, NHIF, iliondoka ikaja SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, nyumba yake hupimwa uwezo, na hata aliye chini kabisa hutakiwa shilingi 300 kwa mwezi, ila si kwa mwezi, hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo ni 3,600. Dani alizikopa kwenye kasha ili yule mjukuu wa dawa asije akakataliwa mahali. Zimemchukua msimu mzima wa omena kuzirudisha, na kwa msimu huo hakuna mama mwingine aliyeweza kukopa kiasi hicho.

Sasa turudi kwenye kipande.

Siku ile ya Februari, kikao kilipoisha, nilikaa na Dani kuchambua omena, kutoa changarawe na vijiti. Sikuwa na fomu. Sikuwa na swali. Mama mmoja akapita akisema anatoka Rusia kumwona mgonjwa. Kwa wasio wa Kisumu: Rusia ni hospitali kuu ya hapa. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti, na ingawa leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, mwambie dereva wa boda "Rusia" utafika. Dani hakuinua macho. Akasema, kwa ile sauti ya mtu anayeongea na samaki, kwamba siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua yeye alikuwepo. Mtoto wa kwanza mgongoni, wa pili tumboni. Alikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki, na kile kingine akakitupa mwenyewe kwa sababu kiatu kimoja hakina kazi.

Niliacha kuchambua. Siku hiyo naijua, kila mtu aliyekaa Kisumu anaijua: Oktoba 25, 1969. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi Julai ya mwaka huo. Kenyatta na Jaramogi, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno makali mbele ya umati, fujo zikazuka, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Wazee wa mjini huhesabu nayo, kama vile wengine wanavyohesabu na ile mvua kubwa ya wakati wa Uhuru iliyojaza ziwa. Na kwa mujibu wa kipande, siku hiyo Dani alikuwa mtoto wa miaka kumi.

"Dani," nikamwambia, "kipande chako kinasema siku ile ulikuwa msichana wa darasa la nne."

Alicheka hadi sinia likainama. "Nyathina, mwanangu, nani alikwambia mimi na kipande tulizaliwa pamoja?"

Alikichukua miaka ya tisini, watu walipotakiwa kubadilisha. Karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, akasema hajui. Karani akamtazama usoni, akamuuliza watoto wangapi, akaandika. "Alinipenda yule," Dani anasema. "Aliona mimi bado mbichi."

Huo ubichi una bei yake, nami niliipiga hesabu usiku ule nyuma ya risiti. Pesa za wazee, zile za mpango wa Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na zimekuwa 2,000 kwa zaidi ya miaka kumi huku unga ukipanda na kushuka na kupanda. Tangu 2018 kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni ya serikali anastahili kuandikishwa, awe maskini au la. Kama Dani alizaliwa 1949 au karibu na hapo, alitimiza 70 mwaka wa 2019. Kwa kipande atatimiza 2029. Miaka kumi mara 24,000 ni shilingi 240,000. Najua kuandikishwa hakuji siku ile ile unapofikisha umri, usajili hufunguliwa kwa misimu na foleni ni ndefu. Kata nusu basi. Bado ni pesa ambazo kasha la kufuli tatu halijawahi kuziona zikiwa pamoja.

Msomaji makini atauliza: na zile pesa za watoto yatima? Zipo, ndizo zilizoanza kabla ya zote, 2004. Lakini orodha ya kata yao ilikuwa imejaa kabla hawa watoto hawajafiwa. Walipelekwa kwa bibi yao orodha ikiwa imeshafungwa.

Kuna jambo kwenye Katiba ya 2010 ambalo wenzangu wengi wa kazi hii hawajalisoma, nami sikulisoma hadi nilipokosa ajira na kupata muda. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ibara ya 57 inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa familia na Serikali, vyote viwili. Na karibu na mwisho, Ibara ya 260, pale penye maana za maneno, mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Katiba inaanza kuhesabu 60, malipo yanaanza 70. Katikati kuna miaka kumi ambayo mtu ni mzee kikatiba na si mzee benki. Dani, maskini, amepewa miaka hiyo kumi mara mbili.

Sisemi umri ushushwe kesho asubuhi. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, najua sauti ya watu wakitafuta pesa zisizokuwepo. Ninachosema ni kidogo zaidi: tuanze na waliokwisha kufika 70 na kukataliwa na karatasi. Nimefungua daftari. Tangu Februari nimepata watu saba Nyalenda peke yake ambao kipande chao kina mwaka tu, na ambao hadithi ya maisha yao haiingii katika mwaka huo. Mmoja ni mzee aliyekuwa akifanya kazi bandarini wakati meli za ziwa bado zinaendeshwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977. Kwa kipande chake alianza kazi hiyo akiwa na miaka tisa.

Na hapa ndipo sera inapohitaji miguu. Ule mpango wa pesa za wazee, pamoja na kasoro zake, ndio kitu kilichodumu kuliko miradi yetu yote. Mwaka baada ya mwaka Hazina ya Taifa imeubeba hadi leo, na sehemu kubwa ni kodi zetu. Haukuuliza Septemba 30 ni lini. Lakini una dirisha, na mbele ya dirisha kuna ngazi, na Dani hajui kusoma. Nani anampandisha?

Zamani tulikuwa sisi. Tulikuwa tumeikalia kazi hiyo kwa fulana zetu, hadi serikali ikaona haina haja ya kumwajiri mtu.

Kwenye kile kikundi kuna mama mmoja, mhudumu wa afya wa jamii. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi. Mradi ukija alipewa nauli na fulana. Mradi ukiisha aliendelea bure. Mwingine ukija akavaa fulana nyingine. Ana fulana saba za miradi saba. Moja ni tambara la kupangusia sufuria na bado unaweza kusoma neno "tokomeza". Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu kama yeye, laki moja nchi nzima, na malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. 5,000 si mshahara, na atakwambia hivyo kwa sauti. Lakini Januari 2025, tulipotoweka sisi kama moshi wa jiko, asubuhi yake alikuwa ameshapita kwa Dani kuuliza kama kopo la dawa lina vidonge vya kutosha.

Kwa upande wa ustawi wa jamii hatuna mtu kama huyo. Afisa mmoja wa serikali ana eneo ambalo kwa boda angelizunguka wiki nzima, na waliobaki ni kamati za walengwa wenyewe, wazee kwa wazee, wanaojitolea. Ningekuwa na sauti Nairobi, singeomba mradi. Ningeomba mtu mmoja kwa kila kata, kwenye bajeti inayoisha Juni 30, ambaye kazi yake ni kupandisha watu ngazi.

Mimi mwenyewe, wakati nangoja sauti hiyo, Jumapili nauza mitumba ya watoto soko la Kibuye, na katikati ya wiki nafanya kazi za kuingiza takwimu za watu wengine. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, mara sita. Ukiujumlisha ni miaka sita, lakini hauna kiinua mgongo. Basi na mimi niliandikiwa uendelevu wa aina ile ile: jamii itaendeleza. Mamangu Vihiga anaendeleza, kwa ndizi na mahindi, na kwa kutouliza.

Kurekebisha mwaka kwenye kipande kunahitaji ushahidi. Barua ya chifu ilipatikana kwa siku mbili. Kiapo kwa wakili, tulilipa kwa mfuko wa shilingi 10 wa kikundi, baada ya mjadala mrefu kama kipande kibovu ni ugonjwa au ni msiba. Wakaamua ni ugonjwa. Kilichokosekana ni karatasi yoyote ya zamani. Dani hakuzaliwa hospitalini, hakusoma shule, na kadi yake ya ubatizo ililiwa na mchwa.

Ndipo akakumbuka kwamba mtoto wake wa kwanza alibatizwa kwao Gem, kabla hawajahamia mjini. Nilipanda matatu hadi Yala, kisha boda hadi kwenye kanisa dogo ambalo sitalitaja. Mkatekista, kijana aliyezaliwa juzi, alinitolea kitabu kikubwa chenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa nailoni. Tulipekua saa nzima. Desemba 1968: jina la mtoto, jina la baba, na kwa mwandiko wa kulalia, jina la Dani. Mtoto huyo ndiye mama wa wajukuu wawili kati ya wale wanne. Dani nilipomwonyesha picha ya ukurasa kwenye simu, aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya mwandiko asioweza kuusoma, akaniuliza jina liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza tena, lile la mtoto. Nikamwonyesha.

Wiki iliyopita, Alhamisi, ilikuwa zamu ya daktari kukadiria umri, na tulipangiwa Rusia. Dani alivaa viatu vipya vya plastiki na kitambaa cha kanisa. Kwenye benchi, tukingoja, alinionyesha kwa kidevu upande ambao umati ulikuwa umesimama na upande aliokimbilia. Mimi niliona maegesho ya magari. Kijana wa mapokezi alimwita "shosho", yaani bibi, na Dani akaninong'oneza kuniuliza shosho ni nani, anaitwa mbona haitiki. Daktari alimwangalia meno, macho, viungo vya mikono, akamuuliza mambo mawili matatu, akaandika: kati ya miaka 72 na 80. Karatasi tukaipeleka ofisini siku hiyo hiyo. Tumeambiwa turudi baada ya wiki sita.

Tulipofika chini ya mwembe ilikuwa saa tisa na robo. Kufuli tatu zimeshafunguliwa, wamefika kwenye hisa. Dani alianza kueleza kwamba tumetoka Rusia, kwamba foleni, kwamba daktari. Mwenye daftari hakuinua kichwa. Aliandika faini ya 20 kwa Dani. Kisha akaniuliza mimi jina langu la tatu lipi, maana tangu Machi nami ni mwanachama, akaandika 20 nyingine.